Kabla ya Kumlaumu Dereva, Uulizwe Mshale

Injini ya motokaa ikiungua njiani, swali la kwanza analoulizwa dereva ni hili: “Hukuuona mshale?” Huliuliza mwenye gari, huliuliza fundi akiwa bado hajafungua boneti, na hata abiria walioteremshwa njiani huliuliza huku wakidai nauli yao. Swali lenyewe si baya. Lakini sisi twaona kwamba limetangulia mahali pasipo pake. Kabla ya kumwuliza dereva kama aliuona mshale, yafaa kuuliza kama mshale ulisema. Na kama ulisema, je, ulisema kweli, tena kwa lugha gani?

Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa mtu asiyetegemea usukani kwa riziki yake. Si dogo hata kidogo. Katika kata ya Turwa, mjini Tarime, na katika barabara yote itokayo Musoma hadi mpakani Sirari, chakula cha nyumba nyingi kimo katika motokaa ndogo ambazo watu wa Kanda ya Ziwa huziita michomoko. Wengi wanaoziendesha si wenye mali. Dereva hutoka alfajiri, na jioni humpelekea tajiri wake hesabu. Kinachosalia ndicho unga, ndicho ada ya mtoto, ndicho kodi ya chumba. Gari likilala gereji siku tatu, nyumba ya dereva imelala nayo. Na ikiwa itasemwa kwamba aliiunguza injini kwa uzembe, basi amepoteza kazi na jina lake pia, maana madereva na matajiri wa mji mmoja wanajuana.

Kwa hiyo twataka leo kuvitazama vile vipimo vilivyo mbele ya dereva, kwenye ubao uitwao dashibodi, tuone vilivyobuniwa, vinavyosaidia na vinavyopotosha.

MSHALE WA MWENDO

Tuanze na kipimo kinachojulikana na kila mtu. Mwaka 1902 Mjerumani Otto Schulze alipata hataza mjini Berlin ya kipima mwendo kilichotumia sumaku. Gurudumu lilizungusha waya, waya ukazungusha sumaku, na sumaku ikakivuta kikombe chepesi cha madini kilichoushika mshale. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 magari ya dunia nzima yalipimwa mwendo kwa hila hiyo. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa umeme, lakini mshale umebaki, na desturi zake zimebaki.

Desturi ya kwanza ni kwamba mshale huu huzidisha chumvi. Kanuni Na. 39 ya Umoja wa Mataifa inaamuru kwamba kipima mwendo kisionyeshe kamwe mwendo ulio chini ya ule wa kweli. Lakini inaruhusu kionyeshe zaidi, kwa sehemu moja ya kumi ya mwendo wa kweli na kilometa 4 juu yake. Maana yake ni kwamba gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa laweza kuonyesha hadi 92, na mtengenezaji asiwe amevunja kanuni. Ndiyo maana dereva wa basi aweza kuona mshale umepita 80, ilhali chombo cha kufuatilia mabasi, kinachopima mwendo kwa msaada wa setilaiti, kinasema hajapita. Mashahidi wawili wametofautiana, na hakuna aliyekusudia kudanganya.

Uongo huo wa kiwandani ni uongo wa heri, kwa kuwa humfanya mtu apunguze mwendo. Hatari iko katika uongo ambao tumeuongeza wenyewe. Dereva akifunga matairi makubwa kuliko yaliyokuja na gari, ili liinuke juu ya mashimo na matope ya njia za vijijini, kila mzunguko wa gurudumu hukata ardhi zaidi kuliko ile mashine inavyojua. Hapo mshale hubaki nyuma ya ukweli. Gari linakwenda mbio kuliko linavyosema.

Tena yapo magari yaliyotoka Uingereza, ambako hadi leo mwendo hupimwa kwa maili. Katika baadhi yake namba kubwa za pembezoni ni za maili, na zile za kilometa zimeandikwa ndogo kwa ndani kama watoto waliofichwa nyuma ya mlango. Dereva mgeni wa gari hilo huingia mjini, huona kibao cha 50, huupeleka mshale kwenye 50 kubwa, na moyo wake hutulia. Kumbe maili 50 ni kilometa 80. Anapita mbele ya shule kwa mwendo wa barabara kuu, naye anaamini kwa dhati kwamba ameitii sheria.

Magari ya Japani, ambayo ndiyo mengi kwetu, hayana kosa hilo, kwani yanapima kwa kilometa. Lakini mengi yana uso wa namba unaofika 180, kipeo ambacho viwanda vya Japani vilijiwekea vyenyewe. Dereva wa mchomoko anayetakiwa kuishi baina ya 30, 50 na 80 amepewa nafasi finyu upande wa kushoto wa duara, na nusu ya pili ya duara ni pambo ambalo halimhusu. Tena katika Toyota Vitz iliyoanza mwaka 1999, na Toyota IST iliyoanza mwaka 2002, vipimo havikuwekwa mbele ya dereva, bali katikati ya gari. Wabunifu walikuwa na hoja: macho yaliyozoea kutazama mbali hayachoki sana yakitazama kipimo kilicho mbali kidogo, na ubao wa namna hiyo ni rahisi kuutumia katika gari la usukani wa kulia na la usukani wa kushoto. Dereva aliyezoea kutazama mbele yake hulalamika. Sisi twaona kwamba ubaya huo una heri yake: abiria wa kiti cha mbele naye anauona mshale. Abiria huyo asinyamaze.

BOYA LA MAFUTA

Kipimo cha mafuta ni boya lililofungwa kwenye mkono ndani ya tangi. Mafuta yakishuka boya hushuka, na mshale huelekea kwenye herufi E. Hesabu hiyo ingekuwa sawa kama tangi lingekuwa na umbo la sanduku na barabara ingekuwa tambarare kama meza. Lakini tangi limekunjwa kunjwa ili lipite chini ya viti, na barabara zetu zina milima. Ndiyo sababu mshale hung’ang’ania juu kwa kilometa nyingi, kisha huanza kuporomoka kana kwamba mtu ametoboa tangi. Ndiyo sababu pia gari likipanda laonyesha hivi, na likishuka laonyesha vingine.

Wako waliokaa bila kipimo hiki kabisa. Volkswagen yenye umbo la kobe ilikuwa ikiuzwa bila mshale wa mafuta hadi mwaka 1961. Injini ilipoanza kukohoa, dereva aligeuza kilango kwa mguu ili apate akiba, kisha alitafuta kituo. Walau kobe yule hakudanganya: alisema njaa alipoihisi. Mchomoko wa leo una mshale, lakini hutiwa mafuta ya shilingi elfu kumi kwa elfu kumi, na mshale hushinda umelala karibu na E kutwa. Katika gari ambalo pampu yake imo ndani ya tangi, mafuta hayohayo ndiyo yanayoipoza. Dereva anayeishi katika herufi E kila siku anaipunguzia pampu umri wake.

Katika kipimo hiki iko hadithi moja inayowafaa wafanyakazi. Pembeni mwa picha ya pampu, katika magari mengi ya siku hizi, pana mshale mdogo unaoonyesha mfuniko wa tangi uko upande gani. Jambo hili halikuletwa na mkurugenzi. Mwaka 1986 Jim Moylan, mfanyakazi wa kampuni ya Ford nchini Marekani, alikwenda kujaza mafuta mvua ikinyesha, akakuta amesimamisha gari upande usio wake, akalowa. Aliporudi ofisini aliandika pendekezo fupi. Wakubwa wake walilisikiliza, na alama hiyo ikatokea katika magari ya modeli ya mwaka 1989. Leo imeenea duniani. Funzo lake ni wazi: anayekitumia chombo ndiye anayekijua kasoro yake, na mwenye busara humsikiliza.

MSHALE WA JOTO

Sasa tuje kwenye kipimo kinachowatia madereva katika mashaka makubwa, yaani cha joto la injini.

Barabara itokayo Musoma huvuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi, hupita Utegi, kisha hupanda kwenda nyanda za juu za Tarime. Mji wa Tarime uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji yaliyo katika sufuria wazi huchemka yafikapo nyuzi 95 hivi, hayangoji 100. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni mfuniko wake, ambao huyabana ndani yasipate nafasi ya kugeuka mvuke. Mpira wa mfuniko huo ukichakaa, rejeta inakuwa sufuria wazi. Ni kifaa cha bei ndogo, lakini injini nzima imesimama juu yake.

Na mshale je? Katika magari ya zamani mshale wa joto ulikuwa mwaminifu: ulipanda mlimani na ukashuka bondeni. Wenye magari walipouona ukichezacheza waliingiwa na hofu, wakayarudisha kwa wauzaji magari yasiyo na ugonjwa wowote. Watengenezaji wakapata dawa. Badala ya kuwaeleza watu maana ya kipimo, waliufunga mshale ulimi. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni mshale husimama katikati kabisa, joto likiwa nyuzi 80 au likiwa limefika 100 na zaidi. Ukianza kuinuka, hauonyi tena kwamba hatari inakuja. Unatangaza kwamba hatari imekwisha fika. Kwa hiyo gari lenye mfuniko mbovu laweza kuchemsha katika mlima wa Tarime huku mshale umekaa katikati, umetulia kama mzee anayeota jua.

Viwanda vimefanya hivyo hata kwa vipimo vingine. Mazda MX-5 ilipotoka mwaka 1989 ilikuwa na kipimo cha kweli cha mgandamizo wa oili. Kuanzia modeli ya mwaka 1995 kikawekwa mshale ambao kwa hakika ni taa iliyovaa mavazi ya kipimo: mgandamizo ukiwapo, husimama mahali pamoja, usipokuwapo, huanguka. Dereva hudhani anasoma kiasi, kumbe anasoma ndiyo au siyo.

Kuna hila nyingine iliyo mbaya kuliko hiyo, nayo haikukusudiwa na mtu. Kifaa kinachopima joto kimetengenezwa kikae ndani ya maji. Bomba likipasuka na maji yote yakamwagika, kifaa hicho hubaki hewani, na mshale waweza kushuka. Yaani katika dakika ileile ambayo injini inaungua, mshale waweza kusema kwamba imepoa! Dereva akisema, “Mshale haukupanda,” huchekwa. Asichekwe. Yawezekana anasema kweli tupu.

Tena tuseme wazi kuhusu desturi ya baadhi ya gereji. Gari likichemsha, fundi huitoa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba hapa kwetu hakuna baridi. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji mpaka injini ipate joto lake, kisha kuyaachia kwa kadiri. Ikiondolewa, injini hukawia kupata moto, hula mafuta zaidi, na mshale hukaa chini asubuhi yote. Dereva hufurahi kuona mshale umelala. Anafurahia kupotea kwa habari, maana ugonjwa uliolifanya gari lichemshe bado umo ndani, ila sasa umenyamazishwa.

Na katika baadhi ya motokaa, mshale wa joto haupo kabisa. Honda Fit iliyoanza mwaka 2001 na Toyota Vitz iliyofuata mwaka 2005 zina taa mbili tu: ya buluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikiwa imezidi joto. Baina ya taa hizo mbili hakuna neno. Anayeendesha gari la namna hii ajue kwamba taa nyekundu haimwombi afike Sirari kwanza. Inamwamuru asimame papo hapo.

LUGHA YA TAA

Taa za dashibodi zina utaratibu wake. Nyekundu ni amri ya kusimama, ya manjano ni wito wa kuangalia, ya kijani au buluu ni taarifa tu. Utaratibu huo ni mzuri. Ugumu uko katika picha zenyewe. Kipimajoto kilichotumbukizwa majini chafanana na ufunguo unaoelea. Alama ya upepo wa tairi chafanana na chungu kilichopasuka. Alama ya oili ni birika lenye tone mdomoni, na wengi hudhani maana yake ni kwamba oili imepungua kidogo na yaweza kuongezwa jioni. Sivyo. Taa hiyo haipimi wingi wa oili. Inasema kwamba mgandamizo wake umeanguka, na kwamba vyuma vinasagana sasa hivi.

Kitabu cha kuyaeleza hayo kimo garini, lakini kimeandikwa kwa Kijapani. Skrini ya redio ni ya Kijapani. Katika magari mengi, kila ufunguo unapogeuzwa, husikika sauti ya mwanamke ikisema maneno ya Kijapani. Huyo ni mlinzi wa ushuru wa barabara za Japani, anamkumbusha dereva kwamba hajaingiza kadi yake. Anamkumbusha hivyo Turwa, ambako mashine ya kuisoma kadi hiyo haipo. Watu hucheka, na sisi pia twacheka. Lakini kicheko hicho kina gharama. Sikio lililozoea kupuuza sauti moja kila asubuhi hujifunza kupuuza zote, na jicho lililozoea taa ya manjano isiyozimika halishtuki nyekundu inapowaka kando yake.

Ubaya huo hukamilishwa na wajanja. Wako wanaoficha balbu ya taa ya injini kwa karatasi nyeusi, au wanaoing’oa kabisa, ili mnunuzi aone ubao safi. Wako wanaorudisha kilometa nyuma, gari lililochoka likaitwa bichi, ingawa raba za pedali zimelika na usukani umeng’aa kwa mikono ya miaka mingi. Mficha maradhi kifo humuumbua; hapa, lakini, anayeumbuliwa si yule aliyeficha. Ni dereva.

YAPASAYO KUFANYWA

Dawa ya kwanza haina gharama yoyote. Geuza ufunguo mpaka taa zote ziwake, lakini usiwashe injini. Taa ya oili, ya betri, ya breki na ya injini sharti zionekane. Kisha washa injini. Sharti zizime baada ya muda mfupi. Taa ambayo haikuwaka kabisa ni shahidi aliyezibwa mdomo. Taa isiyozimika ni shahidi anayelia. Kazi hii haimalizi dakika moja, nayo ifanywe kila alfajiri, pamoja na kutazama maji na oili injini ikiwa bado baridi.

Dawa ya pili iko mikononi mwa mwenye gari. Anapomkabidhi dereva motokaa, wageuze ufunguo pamoja, na waandike katika daftari ni kipimo gani kinafanya kazi na ni kipi kimekufa. Dereva akiripoti kwamba mshale wa joto umelala, ripoti hiyo ihesabiwe kama ripoti ya breki. Haifai mwenye gari aseme, “Endelea na kazi, tutatengeneza mwisho wa mwezi,” kisha mwisho wa mwezi amdai dereva injini. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na haki yadai kwamba aujenge kwa fedha zake mwenyewe.

Dawa ya tatu ni ya mafundi. Warudishe themostati mahali pake, wabadilishe mfuniko uliochakaa, na wakatae kung’oa balbu hata wakiahidiwa malipo. Fundi anayezima taa badala ya kutibu ugonjwa hana tofauti na mganga anayevunja kipimajoto ili homa ishuke.

Dawa ya nne ni ya wauzaji na ya vyuo vya udereva. Muuzaji anayeweza kuleta gari kutoka Yokohama hadi Dar es Salaam hashindwi kuweka ndani yake ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kila taa na rangi yake. Na chuo kinachomfundisha kijana alama za barabarani kimfundishe vilevile alama za dashibodi, kwani zile humlinda na magari ya wengine, na hizi humlinda na gari lake mwenyewe.

Hatusemi kwamba dereva hana kosa kamwe. Wako wanaoona taa nyekundu wakakanyaga mafuta ili wawahi zamu, hao wawajibike. Tunachosema ni kwamba hukumu itanguliwe na uchunguzi. Injini ikiungua, mwenye gari asianze kwa kumfokea mtu. Afungue daftari, atazame mfuniko wa rejeta, ageuze ufunguo na azihesabu taa. Ikiwa mshale ulikuwa mzima na ukapuuzwa, hapo ana neno la kumwambia dereva wake. Ikiwa mshale ulikuwa bubu, na yeye aliambiwa akanyamaza, basi deni la injini ile si la mtu aliyekuwa ameshika usukani.